Resident Evil: bega la Leon au macho ya Ethan?

Pale tunapochezea geimu Birere, Goma, ubishi hauishi: katika Resident Evil, geimu za kutisha, ni bora kamera ikae nyuma ya mhusika au uone kwa macho yake? Resident Evil 4 ya 2005 iliweka kamera nyuma ya bega la Leon, mhusika unayemchezesha. Unamwona anayekunyemelea ubavuni, unapanga risasi zako. Raha tupu, ila anayeumia ni Leon, si wewe.

Ya 7, ya 2017, inakuvalisha macho ya mhusika wake, Ethan. Mlango unafunguka polepole, mgongoni huoni kitu, na mkono wa kushoto unapokatwa kwa msumeno unaushika wako. Mdogo wangu alitupa maneti, kile kidude cha kuchezea mkononi (nashukuru haikuvunjika).

Resident Evil Village ya 2021, nayo ya Ethan, iliongezewa kamera ya nyuma mwaka 2022. Niliijaribu; jioni hiyohiyo nikarudi machoni mwa Ethan.