Faiba au seismomita: nani apige mbiu ya tetemeko?

Hapa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ardhi ikitikisika, kinachotangulia kusikika ni vikombe kabatini. Wazee bado wanasimulia Machi 1966, nyumba za Toro zilipolala chini.

Seismomita, kifaa cha kupima mitetemo ya ardhi, ni mlinzi mmoja getini: hodari, husikia hata mtikisiko mdogo, ila yuko mahali pamoja tu, na anataka shimo tulivu, umeme na kufuli.

Faiba, ile nyaya ya intaneti, ni mtaa mzima ulio macho. Leza hutuma mwanga ndani ya uzi wa kioo. Uzi ukivutika kidogo tu, mwanga unaorudi hubadilika, na kila mita chache hugeuka kipimo. Baharini inashinda bila ubishi, maana kutega vipimo kule chini ni ghali mno. Sisi bahari hatuna, lakini faiba zimepita kando ya barabara, na hapo kila lori la saruji nalo linatetemesha! Fundi akichimba mtaro ovyo, uzi umekatwa.

Mimi ningeanza na seismomita chache nzuri, faiba izibe mapengo. Mawimbi makali ya tetemeko hukimbia kilomita 3 hadi 4 kwa sekunde, na taarifa ya mtandao huyatangulia. Tetemeko likianzia huku, Kampala ingepata onyo la kama dakika moja. Sisi tulio juu ya ufa wa ardhi labda tungepata sekunde chache, za kuondoka karibu na lile kabati.