Printa ya Biashara Ndogo ya Uchapaji: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayetafuta printa ya biashara kwa kawaida huanza na bei ya mashine yenyewe, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa kuwa mashine hulipiwa mara moja ilhali tona (unga wa kuchapia wa printa za leza), wino, dramu (silinda inayobeba picha ya ukurasa) na fundi vitalipiwa kwa muda wote itakapokuwa kazini. Mpangilio ninaoutoa hapa unamlenga mwenye biashara ndogo anayechapa kwa ajili ya wateja: vipeperushi, kadi za biashara, vijitabu, vyeti na nyaraka za ofisi. Asiyechapa chochote zaidi ya ankara na barua zake mwenyewe airuke sehemu kubwa ya makala haya aende moja kwa moja kwenye namba tatu, maana kwake hiyo ndiyo namba moja.

Kabla ya kulinganisha aina za printa, ni lazima ujue gharama ya ukurasa mmoja. Watengenezaji hutaja idadi ya kurasa ambazo katriji, yaani kasha la tona au wino, itatoa, na wengi wao huipima kwa kanuni za kimataifa, yaani ISO/IEC 19752 kwa tona nyeusi na ISO/IEC 19798 kwa mashine za rangi. Tatizo ni kwamba makadirio hayo ya tona nyeusi yanategemea ukurasa unaofanana na barua ya kawaida, ambao maandishi yake hufunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi. Kipeperushi chenye picha kubwa kinaweza kufunikwa na rangi moja kwa asilimia 40, na hapo katriji iliyoandikwa kurasa 3,000 itakupa kama 375. Kwa hiyo gawanya bei ya kila katriji kwa kurasa za kazi zako halisi, kisha ongeza dramu, fyuza (sehemu inayoyeyusha tona kwa joto), mkanda wa kuhamishia picha na chombo cha tona chafu, kila kimoja kikigawanywa kwa umri wake wa kurasa. Kipuri ambacho muuzaji hawezi kukutajia bei wala umri wake, chukulia kwamba hana.

Tarakimu nyingine inayopotosha ni ya uwezo wa mashine kwa mwezi. Mara nyingi hutajwa mbili: kikomo ambacho mashine inaweza kukistahimili, na kiasi ambacho mtengenezaji anapendekeza ifanye mwezi baada ya mwezi. Muuzaji hupenda kuitaja ya kwanza kwa sababu ndiyo kubwa. Wewe nunua kwa ile ya pili, ambayo aghalabu ni sehemu ndogo tu ya kikomo.

1. Printa ya leza ya rangi, ukubwa wa A3, yenye kutoa kopi na skani

Hii ndiyo ninayoiweka mbele, tena bila kusitasita. Printa ya leza huchora picha kwa mwanga juu ya dramu yenye chaji ya umeme, unga wa tona ukanata mahali palipochorwa, kisha ukahamishiwa kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa joto la fyuza. Ni kanuni ileile ya uchapaji mkavu ambayo Chester Carlson aliifanyia jaribio lake la kwanza lenye mafanikio huko Marekani mwaka 1938, na faida yake kwa mfanyabiashara iko katika neno hilo “mkavu”: karatasi ikitoka, unaweza kuikata, kuikunja na kumkabidhi mteja papo hapo.

Usiridhike na A3 ya kawaida, ambayo ni milimita 297 kwa 420. Tafuta mashine inayopokea SRA3, milimita 320 kwa 450, kwa sababu kazi yenye rangi hadi ukingoni huhitaji ziada ya milimita 3 kila upande ili kisu kipate pa kupita. Tuchukue kadi ya biashara ya milimita 85 kwa 55. Ukiiongezea ziada hiyo inakuwa 91 kwa 61, na kadi za kipimo hicho zinaenea 9 kwenye A4 lakini 21 kwenye SRA3. Kwa mteja anayetaka kadi 500, hiyo ni tofauti ya karatasi 56 na karatasi 24, na ni tofauti hiyohiyo katika muda wa kusimama kwenye kisu.

Unene wa karatasi ndiyo mtego mkubwa wa kundi hili. Maelezo ya mauzo yatasema mashine inapitisha karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nayo yatakuwa ya kweli, ila hayatasema kwamba karatasi hiyo hupita kwenye trei ya pembeni peke yake, au kwamba mashine haiwezi kuigeuza yenyewe ili kuchapa upande wa pili. Mimi niliwahi kununua mashine ya namna hiyo. Kwa miezi kadhaa kila kadi ya pande mbili nilikuwa naigeuza kwa mkono, na upande wa nyuma ukawa haulingani na wa mbele kwa milimita moja au mbili, jambo ambalo mteja huliona mara tu fremu ya kadi inapokuwa nyembamba upande mmoja. Uliza maswali matatu tofauti: gramu ngapi kwa trei ya pembeni, ngapi kwa trei za ndani, na ngapi kwa kuchapa pande mbili bila msaada wa mkono.

Mashine mpya ya aina hii ni ghali, na ndiyo maana wengi huchukua iliyokwisha kutumika ofisini. Sioni ubaya wowote, mradi uchape ripoti ya kaunta mbele ya muuzaji na kuona kurasa ngapi zimepita, na za rangi ni ngapi kati yake. Ofisini mashine huchapa barua kwa wingi, hivyo kaunta kubwa ya kurasa nyeusi hainitishi kama zinavyonitisha dramu na fyuza zilizokaribia mwisho wa umri wake, kwani kuzibadilisha zote kunaweza kumeza punguzo lote ulilofurahia.

2. Printa ya matangi ya wino, A3

Kwa anayeanza na mtaji mdogo, hii ndiyo njia ya busara. Wino wa kumimina una gharama ndogo sana kwa ukurasa, mashine haihitaji kupasha fyuza na hivyo hula umeme kidogo, na picha zake kwenye karatasi ya picha huwa nzuri kuliko za leza nyingi. Angalia aina ya wino: wa rangi iliyoyeyuka katika maji hung’aa lakini huchuruzika ukilowa na hufifia juani, ilhali wa chembechembe hustahimili zaidi.

Udhaifu wake ni muda. Wino huhitaji kukauka, na kwenye karatasi nyororo ya kung’aa iliyotengenezwa kwa ajili ya leza hukaa juu na kupakaa kidoleni. Printa ikilala wiki kadhaa bila kazi, matundu ya kichwa cha kuchapia huziba, nayo kila ikijisafisha hunyonya wino wako na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani. Sponji hiyo ikijaa, baadhi ya printa hukataa kuchapa mpaka ibadilishwe. Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila baada ya siku chache hata kama huna mteja.

3. Leza nyeusi, A4

Ni nafuu na haina makuu. Ukiwa na namba moja au mbili, ongeza hii kando yake kwa nyaraka, ili kazi ya maandishi matupu isichakae sehemu za mashine ya rangi.

4. Mashine ya kudurufu ya kidijitali

Wengi huiita Riso kwa jina la mtengenezaji wake wa Japani. Hutoboa picha kwenye utando maalumu, ukazungushiwa ngoma yenye wino, na kuanzia hapo nakala hutoka kwa kasi inayoweza kuzidi 100 kwa dakika. Kwa mitihani ya shule na fomu za aina moja haina mpinzani kwa unafuu. Lakini kila ukurasa mpya unadai utando mpya, kila rangi inadai ngoma yake, na picha hazina ulaini. Kama huna mteja wa mamia ya nakala za ukurasa uleule, iache.

5. Mitambo ya uzalishaji

Indigo na Xeikon zilipoleta mitambo ya kidijitali ya rangi mwaka 1993, zilifungua soko ambalo leo lina mashine za ajabu kwa ubora. Zinahitaji umeme wa uhakika, chumba chenye hewa na unyevu unaodhibitiwa, fundi aliyefunzwa na kazi ya kuzilisha kila siku. Biashara ndogo inafaidika nazo zaidi kwa kupeleka kazi kubwa kwa mwenye mtambo na kuweka faida yake juu.

Mabango na fulana nimeyaacha nje kwa makusudi, kwa kuwa yanahitaji mashine za aina nyingine kabisa, na mashine moja inayodaiwa kufanya kila kitu mimi siiamini.

Siku ya kujaribu na siku ya kusaini

Nenda dukani na karatasi yako ya gramu 300 pamoja na faili la PDF la kazi halisi, wala usikubali kuonyeshwa picha ya ua waliyoiandaa wao. Chapa kwanza ukurasa mzima wa kijivu cha wastani: mistari au madoa yanayojirudia kwa umbali uleule ni dalili ya dramu au rola iliyochakaa. Chapa kadi pande mbili, ishike kwenye mwanga uone kama fremu zinalingana. Mwisho kunja sehemu yenye rangi nzito na uisugue kwa dole gumba; tona ikibanduka kama unga, joto halitoshi kwa unene huo.

Ukipewa mkataba wa matengenezo unaolipwa kwa kila ukurasa, uliza kama A3 inahesabiwa mara moja au mbili, kama nembo ndogo ya bluu kwenye barua nyeusi inaufanya ukurasa wote utozwe kama wa rangi, na kama kuna kiwango cha chini utakachotozwa hata mwezi usio na kazi. Muda wa fundi kufika uandikwe kwa saa, kwa sababu neno “haraka” halimbani mtu. Siku mashine inapofungwa, iunganishe kwenye soketi yake pekee yenye kidhibiti umeme kinachoendana na mzigo wake, kwani fyuza huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuzidi uwezo wa betri ndogo za akiba za kompyuta (UPS). Kisha chapa ripoti ya kaunta, muuzaji na wewe muisaini, na nakala ibaki kwako.