Mwaka mmoja na msumeno wa mnyororo: MS 180 kwenye mteremko wa Panzi

Juu ya nyumba yetu hapa Panzi, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, palisimama mikaratusi mitatu, na chini karibu na jiko upo mwavoka mzee ambao matawi yake yalishafika kwenye mabati. Kila Septemba mvua ikirudi, mke wangu alikuwa anahamishia watoto chumba cha upande wa pili. Niliwahi kuita vijana wa kukata. Mkubwa wao alikuja na tronsonezi (msumeno wa mnyororo) kubwa, miguuni kandambili, akapanda ngazi nayo ikiwa inanguruma. Nilimwomba ashuke, nikamlipa nauli, nikaanza kutafuta msumeno wangu mwenyewe na mtu wa kunifundisha.

Nilinunua Stihl MS 180, yenye ubapa (chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka) wa sentimita 35. Ni mashine ndogo, kilo 4 hivi kabla hujaweka ubapa na mnyororo, na kwa miti ya nyumbani inatosha kabisa. Inawaka mapema hata asubuhi ya baridi. Unaiweka chini, breki ya mnyororo, ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, imefungwa, mguu wa kulia unakanyaga mshikio wa nyuma, ndipo unavuta kamba. Vijana wengi hapa huivuta huku wameining'iniza mkononi. Naomba wanaosoma hapa waache: mnyororo ukishika mara moja, paja liko pale pale.

Inakunywa petroli iliyochanganywa na mafuta ya tu-taimu (ya injini za mipigo miwili), lita 5 za petroli kwa mililita 100 za mafuta hayo. Nilianza na petroli ya Kadhafi, yaani muuza mafuta wa barabarani, mashine ikazimikazima hadi siku niliyoacha chupa itulie na kuona maji yamekaa chini. Sasa nanunua kituoni na nachanganya kidogo kidogo, kwa sababu mchanganyiko uliolala wiki nyingi unasumbua kabureta.

Kitu nilichotaka hasa kuwaambia ni suruali. Nilipouliza dukani kuhusu suruali ya kinga, muuzaji alinijibu kwamba jinzi nzito inatosha. Haitoshi. Suruali yenyewe ina tabaka za nyuzi ndefu ndani ya kitambaa. Mnyororo ukigusa, nyuzi zinavutwa nje, zinajisokota kwenye gia na kuusimamisha kabla haujafika kwenye nyama. Niliipata kwa kuagiza, pamoja na kofia ngumu yenye wavu wa uso na viziba masikio, na jumla ililingana na karibu nusu ya bei ya msumeno. Ndugu zangu walisema nimetupa pesa. Inatoa jasho, ni kweli, na saa sita za mchana unaichukia. Lakini mnyororo huu unakimbia karibu mita 20 kwa sekunde, na macho hayawezi kuuwahi.

Niliielewa kazi ya breki siku ya mwavoka. Mbao ya avoka ni nyepesi kukatika na matawi yake hayaonyi, yanavunjika ghafla, kwa hiyo nilikuwa nakata kwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 mbali na shina, robo tu ya unene, wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi lianguke bila kuchuna gome, wa mwisho karibu na shina, nje ya ule uvimbe ambapo tawi huzaliwa. Kwenye mkato wa pili macho yangu yalikuwa kwenye tawi, ncha ya ubapa ikagusa kijitawi cha nyuma ambacho sikukiona. Msumeno uliruka kuelekea uso wangu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika vizuri, kidole gumba kimezunguka mshikio, breki ikafunga kwa mlio mmoja mkavu, na mnyororo ukasimama kiganja kimoja mbele ya wavu. Nilizima mashine, nikakaa chini. Ile robo ya juu ya ncha ndiyo inayorusha. Sasa, kabla sijakata, naangalia kwanza ncha itapita wapi. Na sikati chochote kilicho juu ya mabega yangu. Matawi ya juu nayafikia na msumeno wa mkono wenye mpini mrefu, nimesimama ardhini.

Kuangusha ni kazi nyingine. Mkaratusi wa kwanza ulikuwa na unene wa sentimita 30 na urefu niliokadiria kuwa mita 18. Kanuni inataka watu wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti, yaani mita 36, na nani ana mita 36 tupu hapa Panzi? Tulisubiri kiangazi, jirani avune maharage yake, tukakubaliana mti ulale kwenye shamba lake kwa kufuata upana wa kilima, usielekee nyumba, na yeye achukue matawi yote ya kuni. Asubuhi hiyo tulipita mlango kwa mlango: mama zetu wakatoka na watoto hadi barabarani, mbuzi wakafunguliwa. Tulifunga kamba ndefu juu ya shina, vijana wanne wakaishika mbali kuliko mti ungefika.

Aliyenifundisha, mzee mmoja aliyepasua mbao miaka mingi upande wa Kalehe, alisimama nyuma yangu. Tulifyeka kwanza njia mbili za kukimbilia, za kurudi nyuma kwa mshazari. Kisha nikakata mdomo, yaani pengo lenye umbo la kabari, upande wa kuangukia, kina kama robo ya unene, ndipo nikazunguka nyuma na kuanza mkato wa kuangusha, juu kidogo ya kona ya mdomo. Siri iko katikati: unaacha ukanda wa mbao usiokatwa, sehemu moja ya kumi, kwangu sentimita 3. Huo ukanda ni bawaba ya mlango. Ukiukata wote mti hauna tena wa kuuongoza. Nikagonga kabari ya plastiki. Nilitaka kuongeza kidogo, mzee akanigusa bega kwa fimbo.

"Papa, acha sasa. Muti iko nalia."

Kwa viziba masikio sikuwa nasikia kitu, lakini niliona ufa ukifunguka polepole kama kope. Nikarudi kwenye njia yangu bila kugeuza mgongo. Mti ukalala palepale tulipotaka. Kisiki na mizizi tumeviacha vishike udongo, na machipukizi yameshafika kiunoni. Wakati wa kukata matawi na magogo tulisimama upande wa juu wa mteremko siku nzima, maana gogo likianza kubingirika halisubiri mtu.

Lawama yangu ni ya duka jingine, la hapa mjini, lililoniuzia mnyororo wa pili. Maandishi yalikuwa sawa na ya ule wa kwanza, lakini meno yakaisha ndani ya siku mbili, na wakanishauri nitumie mafuta machafu ya gari kwa kulainisha. Nilifuata ushauri mara moja, pampu ikaziba. Nunueni mafuta ya mnyororo, na tupa ya milimita 4 kwa mnyororo huu. Kila baada ya kujaza tangi naangalia kinachotoka: zikitoka chenga nene, meno yana makali, ukitoka unga, nakaa chini na kunoa.

Mkaratusi wa pili tumeuangusha vilevile. Wa tatu bado umesimama. Umeinamia waya wa SNEL, shirika la umeme, na mti ulioinama unaweza kupasuka kwa urefu na kumrukia anayekata. Nimepeleka barua waje wakate umeme kwanza, na hadi siku hiyo watoto wanaendelea kulala upande wa pili.