Prowl wa Hasbro, wa Takara na wa Milton Bradley: nimewashika wote watatu

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Nakuru, na kwake gari ni Datsun, mengine ni vyombo vya usafiri tu. Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z, baba alikuwa bado kijana, na hadithi ya ushindi ule tumelishwa pamoja na ugali mpaka tumeikariri. Kwa hiyo siku niliyokuwa nazunguka kwenye soko la vitu vya zamani hapa Leeds, nikaona kigari cha polisi cheupe na cheusi, hakizidi kiganja, chenye pua ile ndefu ya Datsun Z, mkono ulikwenda wenyewe. Muuzaji akakichukua, akakunja boneti, akavuta sehemu ya nyuma, milango ikawa mabawa, na gari likasimama kwa miguu miwili. Huyo ndiye Prowl, mmoja wa vichezeo vya Transformers, magari yanayogeuka maroboti.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Sasa ninao watatu, kila mmoja wa kampuni yake na soko lake: wa Hasbro ya Marekani, wa Takara wa Japani, na wa Milton Bradley aliyeuzwa bara Ulaya. Watu huniuliza kama kuna tofauti ya kweli au ni tamaa ya wakusanyaji tu. Tofauti ipo, ila haipo pale wengi wanapoitafuta.

Kwanza ujue alikotoka. Takara walimtengeneza kabla hajaitwa Prowl, katika vichezeo vyao vya Diaclone. Gari ni Nissan Fairlady Z, ambalo nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Datsun 280ZX. Wakati huo roboti hakuwa na akili yake. Aliendeshwa na kidereva cha takriban sentimita tatu, chenye sumaku miguuni. Mwaka 1984 Hasbro wakachukua kalibu zile, wakawapa maroboti majina na tabia, na dereva akaachwa. Kiti chake hakikuondolewa. Fungua mlango wa Prowl yeyote uchungulie ndani: kiti kipo, kitupu, na mimi kila nikikiona hukaa kimya kidogo.

Kalibu hiyohiyo ndiyo iliyowazaa maroboti wenzake: Bluestreak, na mwaka 1985 Smokescreen, yule wa mashindano mwenye namba 38. Ukitafuta kwa Wajapani, majina yanabadilika: Bluestreak kwao ni Streak, Jazz ni Meister, Optimus Prime ni Convoy. Mimi nilipoteza wiki nzima nikitafuta "Bluestreak" kwenye maduka ya Tokyo.

Wa Hasbro ndiye niliyeanza naye. Nilimpata kwa pauni 40, bila bunduki na bila mtutu mmoja wa begani, ile mitutu ya kurushia makombora ya plastiki. Milango imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maana plastiki nyeupe ya miaka ile hugeuka manjano kwa jua na kwa umri. Nilijaribu ile krimu ya saluni yenye peroksaidi, nikamwanika juani siku mbili. Akang'aa kweli, lakini baada ya mwaka umanjano ukaanza kurudi. Sitarudia. Mtutu uliobaki nao ukanivunja moyo: unabonyeza kitufe, kombora linadondoka palepale mbele ya miguu yake kama embe bovu. Nilidhani ameharibika. Kumbe Hasbro walipunguza makusudi nguvu za springi kwa ajili ya usalama wa watoto. Uamuzi huo naufahamu, mimi mwenyewe nina mtoto wa miaka minne, lakini anayenunua lazima aambiwe.

Kisha nikaagiza wa Takara. Alinigharimu karibu mara tano ya yule wa kwanza, pamoja na boksi lake. Nikachomeka mitutu mabegani, nikaingiza kombora, nikabonyeza. Ta! Likavuka meza, likagonga kioo cha dirisha, likapotelea nyuma ya kochi, na nikalitafuta kwa tochi nusu saa. Sijutii hata senti. Hapo ndipo nilipokielewa kichezeo hiki jinsi waliokibuni walivyokitaka kiwe.

Hapa nitoe onyo ambalo lingeniokoa mimi. Wauzaji wengi husema Prowl wao ni wa soko la Japani kwa sababu mwilini pamechapwa TAKARA na JAPAN. Maandishi hayo hayathibitishi chochote. Hata vichezeo vilivyouzwa Marekani viliyabeba, kwa kuwa kalibu ni za Takara. Usilipe bei ya Japani kwa sababu ya muhuri. Omba picha ya boksi na karatasi zake, kisha omba video ya mtutu ukifyatua. Muuzaji mwaminifu atakutumia, asiyetaka muache na mzigo wake.

Kwa Milton Bradley tofauti iko kwenye boksi. Ni zuri, lina maandishi ya lugha kadhaa zimebanana, na ukiliweka kabatini linapendeza. Roboti mwenyewe ukimtoa ukamweka kando ya yule wa Hasbro, mimi nimeshindwa kumtofautisha, na nimejaribu na kioo cha kukuzia. Kama hukusanyi maboksi, usilipe zaidi. Isitoshe, wangu alinipa shida: nilimnunua kwa mtu mmoja aliyeniapia kila kitu ni cha asili, lakini makombora yalikuwa marefu mno. Marefu vile ni ya yale matoleo mapya ya Hasbro ya miaka ya 2000, yaliyorefushwa mtoto asiweze kuyameza. Nilimwandikia, tukavutana siku tatu, akanirudishia robo ya pesa. Roboti nilimbakiza, lakini ile furaha ya kufungua mzigo sikuirudishiwa.

Ukiniuliza ununue yupi: kama unataka kuchezea na kuonyesha watoto, chukua wa Hasbro asiye na boksi, uhakikishe taa nyekundu ya juu haijavunjika na boneti haichezi kwenye bawaba. Kama utanunua mmoja tu maishani, subiri, weka akiba, nunua wa Takara.

Mwezi wa nane baba alikuja kututembelea. Nilimwekea wote watatu mezani, nikijua atafurahi. Akavaa miwani, akamgeuza wa Takara, akamtazama pua na taa za mbele kwa muda mrefu.

"Hii si gari ya Mehta, mwanangu. Ile ilikuwa 240. Hii ni 280."

"Najua, baba."

Akafungua mlango kwa ukucha, polepole, kama anavyofungua gari la mteja. "Na dereva wake yuko wapi?"

Nikamweleza habari za Diaclone, kile kidereva chenye sumaku miguuni, na jinsi alivyoachwa. Akafunga mlango, akasema nimtafutie. Wanauzwa mmoja mmoja Japani, na bei yao inatisha kwa kitu cha sentimita tatu. Nimeshaagiza. Akifika nitarudi kuwaambia kama anaenea kitini.