SFP za bei poa kwa mtandao wa ofisi: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Kama umeshawahi kuletewa kotesheni ya swichi mpya za ofisi basi mchezo unaujua, bei ya swichi yenyewe unaielewa vizuri tu, ukishuka chini kwenye vile vitu vidogovidogo unakuta SFP, vile vimoduli unavyochomeka kwenye swichi ili ipokee faiba (kebo ya mwanga), moja inaenda mamia ya dola, na we unahitaji 20. Halafu unaingia mtandaoni unakuta ya kompatibo (ya kampuni nyingine, iliyoandaliwa ikubaliwe na swichi yako), 10G SR ileile (kasi ya gigabiti 10, masafa mafupi), mwanga uleule wa 850 nm, umbali uleule, inauzwa kama dola 20 mpaka 40 hivi. Hapo ndo kila mtu wa IT anaanza kujiuliza, nikichukua hii itakula kwangu?

Kwa laini nyingi za ofisi haitakula kwako. Ila cha kuangalia zaidi ni nani anakuuzia, nembo iliyoko kwenye stika ije baadaye.

Sababu ni kwamba moduli nyingi zenye jina la kampuni kubwa za swichi zinatoka kwenye viwanda vya watu wengine kabisa, kina Finisar (siku hizi iko ndani ya Coherent), Lumentum, Innolight na wenzao. Umbo na vipimo vyake viko kwenye makubaliano ya pamoja, ndo maana SFP ya yeyote inaingia kwenye tundu la swichi ya yeyote. Kinachokwamisha ni kachip kadogo ka kumbukumbu humo ndani, EEPROM, kameandikwa jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa na serial. Ukichomeka tu swichi inasoma kale kachip, na swichi nyingi za Cisco zisiporidhika na zilichosoma zinaipeleka poti kwenye err-disabled (swichi inaizima yenyewe), taa haiwaki, unabaki unaangalia. Kwahiyo muuzaji wa kompatibo anachokuuzia hasa ni ile kazi ya kuandika humo kitu ambacho swichi yako itakikubali, na hapo ndo wauzaji wanapotofautiana.

Haya, mpangilio wangu huu hapa.

Namba 1, kama vifaa viko raka moja (kabati moja la vifaa): kebo ya DAC

Watu wanairuka hii wanakimbilia faiba. DAC ni kebo ya shaba yenye vichwa vya SFP+ (SFP za 10G) pande zote mbili, haina leza, haina pachikodi (kebo fupi za faiba) za kusafisha, inakula umeme kidogo sana na ni rahisi kuliko moduli mbili na faiba yake. Kwa 10G zile za kawaida zinafika mita 5 hivi, inatosha kabisa kutoka seva kwenda swichi ya juu ya raka. Upande mmoja ukiwa Cisco na mwingine HPE mwambie muuzaji mapema, kila kichwa kinakodiwa kivyake, yaani kachip kake kanaandikwa kwa ajili ya swichi ya upande wake. Ubaya wake ni nene, haipendi kukunjwa, na kichwa kimoja kikifa unatupa kebo nzima.

Namba 2, na ndo ya kununua kwa wingi: kompatibo ya muuzaji anayejulikana

Hapa nazungumzia watu kama FS, Flexoptix, ProLabs, 10Gtek. Ninachokipenda ni kwamba wanabandika jina lao wenyewe kwenye moduli, hawajifanyi Cisco. Muuzaji mzuri utamjua kwa maswali, atakuuliza modeli ya swichi na toleo la programu yake kabla hajakuuliza unalipaje. Anayekujibu "inaingia zote hiyo bosi" achana naye.

Flexoptix wana FLEXBOX, FS wana FS Box, ni vifaa vya kuandika upya kale kachip mwenyewe ukiwa ofisini. Kama una swichi za kampuni 2 au 3 tofauti nunua kimoja, kitakuokoa siku umeapdeti programu ya swichi halafu ikaanza kuzikataa moduli zilizokuwa zinafanya kazi jana yake, maana hilo linatokea, na ndo sababu apdeti unaanza na swichi moja isiyo na watu wengi, hukurupuki na jengo zima.

Usiagize zote kwa mpigo. Chukua 2 au 4 kwanza, chomeka, halafu kwa Cisco piga `show interfaces transceiver detail`. Utaona joto, volti, nguvu ya mwanga unaotoka na unaoingia. Kwa 10G LR (ile ya kilomita 10) mwanga unaotoka uwe kati ya -8.2 na +0.5 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), na unaoingia usishuke chini ya -14.4. Unaoingia ukisoma -13 ujue uko ukingoni, na mara nyingi shida ni uchafu kwenye kichwa cha pachikodi, kisafishe kwanza kabla hujamlaumu mtu. Sehemu yote ya vipimo ikiwa imejaa N/A, moduli haitoi taarifa zake, hiyo rudisha, siku laini inasumbua utakuwa kipofu. Kisha piga `show inventory` uangalie serial. Moduli 2 zenye serial moja maana yake mtu kakopi chip moja akabandika kwenye mzigo mzima, na baadhi ya swichi za Cisco zikiona pacha hivyo zinaifunga poti.

Swichi ikigoma kabisa kuna njia ya kuilazimisha. Cisco unaweka `service unsupported-transceiver`, na kwa swichi zake za Catalyst unaongeza `no errdisable detect cause gbic-invalid`, itakupa onyo refu halafu itaendelea. Swichi za Aruba zenye programu ya AOS-CX ni `allow-unsupported-transceiver`. MikroTik kwa kawaida haina habari na jina la mtu. Na usisahau seva, kadi za mtandao za Intel X520 kwenye Linux nazo zinabagua mpaka uweke `allow_unsupported_sfp=1` kwenye draiva. Mimi hizi amri nazichukulia kama za dharura tu, moduli iliyokodiwa vizuri haizihitaji kabisa.

Namba 3: orijino mpya

Sio mbaya, ni bei tu. Inunue kwa laini ambayo ikikata shirika zima linasimama na una mkataba wa sapoti unaoulipia kila mwaka, pia kwa masafa marefu ya kilomita 40 au 80. Sera ya Cisco kwa mfano haisemi kwamba ukichomeka SFP ya nje waranti imekufa, inasema tatizo likionekana limesababishwa na kifaa cha mtu mwingine wanaweza kukataa kulihudumia. Kwa vitendo ukipiga simu ya sapoti wataanza kwa kukwambia weka orijino tujaribu. Kwahiyo ofisi iliyojaa kompatibo inunue pea moja ya orijino kwa kila aina, ikae kwenye droo kwa ajili ya simu hiyo.

Namba 4: orijino iliyotumika

Inaweza kuwa dili, ila leza inazeeka. Ipime mwanga unaotoka kabla hujalipa, na muuzaji akikataa isipimwe jibu umeshalipata. Shida kubwa zaidi ni kwamba humu ndo feki zinapojificha.

Ya mwisho: isiyo na jina, au yenye jina la kuibwa

Kompatibo na feki ni vitu viwili, usikubali mtu akuchanganyie. Feki ina nembo ya Cisco, boksi la Cisco, na Cisco haiijui. Mwaka 2024 mahakama Marekani ilimfunga mfanyabiashara wa Florida zaidi ya miaka 6 kwa kuuza vifaa feki vya Cisco vilivyotoka China, na vingine vilifika mpaka hospitali, shule na jeshini. Kwahiyo ukiona "orijino" mpya Kariakoo au Luthuli Avenue kwa bei ya kompatibo, jiulize mwenzako faida anaipata wapi.

Mengine ya haraka kabla hujatoa hela. SR ni ya faiba ya multimode (ya masafa mafupi), mita 300 kwa daraja la OM3 na 400 kwa OM4, LR ni ya singlemode (faiba ya masafa marefu) mpaka kilomita 10, na pachikodi ya singlemode kwa kawaida ni ya njano. BiDi inatumia uzi mmoja wa faiba, unanunua kwa pea, upande mmoja unatuma mwanga wa 1270 nm na mwingine 1330 nm, ukinunua mbili za aina moja hazitaonana milele. Ile ya kilomita 80 usiichomeke kwenye faiba fupi bila kipunguza mwanga, inaunguza kipokea mwanga cha moduli ya upande wa pili. Na SFP+ za RJ45 (tundu la kebo ya kawaida ya shaba) za 10G zinachemka balaa, mara nyingi zinakula zaidi ya wati 2 wakati SR haifiki hata 1, usizipange bega kwa bega. Kama swichi iko stoo isiyo na AC, Dar au Mombasa mwezi wa pili, kumbuka moduli ya kawaida mwisho wake ni nyuzi 70 za joto kwenye mwili wake wenyewe, ya viwandani inafika 85 na bei inapanda kidogo tu.

Kwenye oda andika modeli kamili ya swichi ya kila upande na toleo la programu, aina ya faiba na umbali, kichwa cha faiba kama ni LC cha bluu au cha kijani (SFP nyingi zinataka bluu), idadi pamoja na spea 2, na sentensi moja kwamba ikikataa kusomeka kwenye swichi hiyo muuzaji anakodi upya au anabadilisha kwa gharama yake, na usafiri juu yake.