Mtego wa minyoo kwenye tangi la matumbawe: unanasa kweli, lakini unanasa nani?

Karibuni tena, jamani. Wengi mmeniuliza kuhusu mtego huu wa minyoo wa baharini, na leo ninao mkononi. Tazameni: kibomba cha plastiki, urefu wa kidole, mlango huku na huku, katikati mahali pa kuwekea chambo. Unafanya kazi kama dema: mnyoo anafuata harufu anaingia, kutoka hawezi.

Jana nilitia kipande cha nyama ya kamba, nikaulaza mchangani kando ya mwamba, nikazima taa. Asubuhi nikakuta minyoo sita, wana rangi ya waridi iliyopauka na nywele nyeupe ubavuni. Kwa hiyo kunasa, unanasa. Shida yangu ni hao walionaswa. Hawa ni Eurythoe, wafagizi wa tangi. Samaki akifia nyuma ya mwamba, kule mkono wako usikofika, wao ndio wanaommaliza kabla hajaoza na kujaza amonia majini. Ukiona wamezidi, ujue unalisha kupita kiasi. Nasa mia, chakula kisipopungua watajaa tena. Mimi nimewarudisha wote sita. Na hata yule mnyoo mwenye shada la manyoya, Sabellastarte, mnayemtafuta kwa uzuri wake, ni wa jamii hiihii ya minyoo wenye pingili.

Lakini wapo wawili wanaostahili mtego. Wa kwanza ni Hermodice carunculata, anayetafuna matumbawe hai. Ana kijinyama chenye mikunjo kichwani. Wa pili ni Eunice, mwenye vipapasio vitano kichwani, anayejificha mchana kutwa na kutoka gizani. Hapa ndipo kibomba hiki kinaposhindwa, maana Eunice aphroditois anaweza kufika mita 3. Huyo haingii humu. Usijaribu kumvuta kwa kibano akakatika, kipande kikabaki ndani. Toa mwamba wenyewe.

Kasoro nyingine: mlango hauchagui. Kaa wadogo na konokono nao huingia, kwa hiyo ukague mara tu kunapokucha, na chambo usikiache kioze. Vaa glavu unapoufungua! Nywele zile huvunjikia ndani ya ngozi na kuwasha vibaya. Zikikuingia usisugue, bandika selotepu kisha uivute, zitoke nayo.

Je, ununue? Kama tangi lako lina minyoo wadogo tu na matumbawe yananawiri, acha. Kama unapenda kuongeza mawe hai, yaani mawe ya baharini yanayokuja na viumbe ndani yake, nunua, ila usianzie tangini. Jiwe jipya liweke kwanza kwenye ndoo ya maji ya chumvi yenye hita na pampu ndogo, mtego uwe pembeni yake, usiku kadhaa mfululizo. Humo kila anayenaswa utamwona vizuri, utamkagua kichwa, na utaamua nani aingie tangini na nani asiingie. Wangu naupeleka kwenye ndoo leo hii.