Dramu za gemu: soma kabla hujanunua mtumba

Seti mpya za dramu za kuchezea gemu za muziki kuzipata siku hizi ni kazi, nyingi zilizopo ni za enzi za gemu kama Rock Band ya 2007 na Guitar Hero World Tour ya 2008, kwa hiyo wengi tunachukua iliyotumika na hapo ndo uwe makini sana. Zile za PS3 zisizo na waya ulizia kwanza kidude chake cha USB, bila hicho haziunganishi kabisa. Yangu ya pedi nne na pedali naipenda balaa, ukigonga inaitika fasta, ila vijiti vina kelele aisee! Pedali ndo huchoka mapema, ikanyage mfululizo uone kama inarudi juu. Pedi nazo zigonge mpaka pembeni, sio katikati tu.